Kamba ya Mkwezi na Pete za Mnazi

Shina la mnazi limevikwa pete tangu chini hata kileleni, na kila pete ni mahali ambapo kuti lilishikamana na mti, likakauka, likaanguka, likaacha alama yake. Kwa kuwa mnazi wenye afya hutoa kuti jipya kwa takriban kila mwezi, mtu mwenye subira aweza kuzihesabu pete hizo akakisia miaka ambayo mti umesimama. Na zaidi ya kuijua idadi ya miaka aweza kuijua tabia yake, maana pete za miaka ya neema huachana kwa nafasi, na pete za miaka ya ukame husongamana hata kidole kisipate pa kupita baina yake. Hii ndiyo tarehe ya mashamba ya pwani iliyoandikwa na mashamba yenyewe, bila karani wala wino. Lakini katika minazi mingi ya Unguja, Pemba, Mombasa na Kilifi tarehe hiyo imekatizwa na maandishi mengine, yaliyochongwa kwa panga au kwa shoka, nayo huitwa vidato.

Kidato ni pengo linalochongwa katika shina ili mguu wa mkwezi upate pa kukanyaga. Neno hili limepanda cheo katika zama zetu, kwani kijana anayeingia shule ya sekondari huambiwa kuwa ameingia kidato cha kwanza, akaendelea cha pili na cha tatu, na aghalabu hapana anayemweleza kwamba kabla ya kuwa cha mwanafunzi kidato kilikuwa cha mkwezi, na kwamba darasa lake la asili lilikuwa shina la mti lililokatwa kwa chuma. Nalipenda neno hili, wala sioni kosa kulitumia shuleni. Lakini nataka msomaji ajue kile ambacho mnazi hupata unapochongwa. Mwembe ukijeruhiwa, chini ya gome lake upo utando ulio hai unaozaa nyama mpya, na baada ya miaka michache kovu hufungika. Mnazi hauna utando huo. Umeumbwa kwa nyuzi ngumu zilizosimama moja kando ya nyingine, na kidonda kilichotiwa katika shina lake hakifungiki mpaka siku ya kufa kwake: maji ya masika hutuama ndani yake, uozo huanza, wadudu hupata mlango. Kidato kilichochongwa na babu hukutwa na mjukuu kikiwa wazi vile vile, ila kimezeeka na kuingia weusi.

Ipo njia nyingine ya kuufikia moyo wa mnazi isiyouachia mti jeraha lolote, nayo ni kamba. Mkwezi huchukua kamba ya makumbi yenye urefu wa pima au pungufu, huziunganisha ncha zake ikawa kitanzi, hutia miguu yake miwili ndani ya kitanzi hicho, kisha hulikumbatia shina. Ajinyanyuapo kwa mikono na kuikunja miguu, kamba hulegea ikapanda pamoja naye. Atuliapo na kuutupa uzito wake chini, kamba hukaza mbele ya shina, nyayo zikabana kulia na kushoto, na ule uzito ambao ungemwangusha ndio unaomshikilia. Kadiri anavyoelemea ndivyo anavyoshikwa. Kamba huizuia miguu isitawanyike, ukali wa nyuzi zake huuma juu ya zile pete za makuti zilizotajwa mwanzo, na mti ambao kwa macho ya mtu wa bara ni nguzo tupu isiyo tawi huwa ngazi yenye vipago mia. Mtu huinuka kwa mikupuo, mkono, mguu, mkono, mguu, hata futi sitini au zaidi kutoka ardhini, na atakaposhuka mnazi utakuwa kama ulivyokuwa kabla hajafika.

Wapo, kwa hakika, waliokwea na wanaokwea bila kamba wala kidato, wakiparaga shina kwa mikono na miguu mitupu, na hao ni watu wa nguvu na wa ujana. Lakini ujana ni mfupi na minazi ni mirefu. Wala si haki kumlaumu kila aliyechonga kidato. Mgema wa tembo hana budi kupanda mnazi ule ule asubuhi na jioni, siku baada ya siku, akiwa na kotama yake kiunoni na kibuyu chake mgongoni, ili aukate upya ule mkungu wa maua na kuyapokea maji yake kabla hayajachacha; mtu mwenye kazi ya namna hiyo huihesabu kila pumzi, na kidato humpunguzia pumzi nyingi. Mkwezi wa nazi haingii juu ya mti mmoja ila mara chache kwa mwaka, kwani nazi yahitaji kiasi cha mwaka mzima ili ikomae, na shamba huanguliwa kwa zamu za miezi. Yeye anaweza kumudu adabu ambayo mgema hawezi kuimudu. Lawama yangu, ikiwa ni lawama, ni kwa mwenye shamba aliyetaka kazi iende haraka juu ya mti ambao hakuupanda yeye.

Ustadi wa kukwea kwa kamba ni wa kale kuliko mashamba yote tuyajuayo. Mwandishi Lucian, aliyezaliwa Samosata katika karne ya 2 na kuandika kwa Kiyunani, ameeleza habari za hekalu moja la Shamu ambamo mtu alikuwa akipanda nguzo ndefu mno kwa kujizungusha pamoja na nguzo hiyo mnyororo mwepesi, akiurusha juu kila aendapo hatua kama mwendesha farasi anavyotikisa hatamu. Na alipotaka wasomaji wake wafahamu jambo hilo aliwakumbusha wale wapandao mitende katika nchi ya Waarabu na Misri. Yaani katika siku zake kamba ya mkwezi ilikuwa kitu cha kila siku, kilichofaa kueleza kitu kigeni. Mpaka leo katika Oman na nchi za Ghuba mpanda mtende hujifunga kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za mtende wenyewe, yenye mkanda mpana wa kuegemea mgongo, nayo huzungushwa nyuma ya kiuno chake na nyuma ya shina; huegemea humo kama aliyekaa kitini, mikono yake ikawa huru kuchavusha maua au kukata mashada ya tende. Watu wa Malabar hukwea minazi kwa kitanzi cha miguu kama chetu, na katika kisiwa cha Sri Lanka wagema wamefika mbali zaidi, hufunga kamba za makumbi kutoka kilele hata kilele wakatembea hewani kati ya mnazi na mnazi bila kushuka chini. Mtende una magamba makavu ya makuti yaliyokatwa, ambayo hukwaruza na pia huupa mguu pa kukanyaga, na kwa sababu hiyo Mwarabu ameiweka kamba kiunoni. Shina la mnazi ni jembamba na karibu laini, na kwa sababu hiyo sisi na watu wa Malabar tumeiweka miguuni. Mti ndio uliotufundisha sote.

Bali kamba iliyompandisha mkwezi mtini ni ile ile iliyompeleka nahodha baharini, na hapo ndipo tarehe yake inapopanuka. Mfanyabiashara mmoja wa Misri asiyejulikana jina, aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya 1 mwongozo wa safari za bahari yetu, ameutaja mji wa soko uitwao Rhapta katika pwani hii, na akasema kwamba jina hilo limetokana na vyombo vya watu wake vilivyoshonwa. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Baghdad, aliyekuwapo katika bahari hii mwaka 916 aliporudi Oman kutoka kisiwa cha Qanbalu, amesimulia kisa ambacho kila nikisomapo hunistaajabisha: mbao za msaji zilizotobolewa na kushonwa kwa nyuzi za nazi zilipata kuokotwa katika Bahari ya Kati, upande wa kisiwa cha Krete, na wenye maarifa wakajua mara moja kuwa hazikutoka katika vyombo vya huko, kwani vya huko hupigwa misumari, bali zilitoka katika bahari ya mashariki, zikasukumwa na mikondo. Kamba ilikuwa hati ya utambulisho wa chombo kilichokwisha kufa.

Wasafiri wa kale walijiuliza kwa nini chombo kishonwe badala ya kupigiliwa. Al-Masudi alidhani kuwa maji ya bahari hii hula chuma. Ibn Battuta, aliyezifikia Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza kwamba bahari hii ina mawe mengi, na chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, ilhali kilichoshonwa kwa kamba hunepa na kusalimika. Kauli ya pili ndiyo ninayoifuata, kwa kuwa aijuaye kamba ya makumbi atakubali. Siri ya nyuzi hizi ni kunyumbuka. Katani ikivutwa hunyumbuka kidogo sana kisha hukatika. Uzi wa kumbi hurefuka kwanza, ukapokea mshindo, ukarudi. Isitoshe, huelea juu ya maji, na chumvi ambayo huziozesha kamba nyingine huchelewa mno kuushinda. Vasco da Gama alipofika Msumbiji mwaka 1498 watu wake waliona vyombo vikubwa visivyo na msumari hata mmoja. Mtepe wa Lamu na visiwa jirani vyake, uliokuwa na tanga la mkeka na mwili ulioshonwa ubao kwa ubao, uliendelea kusafiri mpaka ndani ya karne ya 20, kisha ukatoweka. Na pamoja nao ulitoweka mnunuzi mkubwa wa kamba kuliko wote, kwani chombo kimoja kilikula kamba kwa maelfu ya pima, katika mishono, katika jarari na demani, katika amari ya nanga, na katika kila kishwara kilichoshika kasia.

Yote haya, mtepe wa nahodha, kitanzi cha mkwezi, kitanda cha kuwambwa, paa la makuti, ndoo ya kisima, shingo ya mbuzi, yalianzia mahali pamoja ambapo vitabu vya tarehe havipatembelei: kwenye tope la ufuo, maji yakiwa yamekupwa, chini ya mikono ya wanawake.

Katika Unguja mahali hapo ni pwani ya mashariki na kusini, penye vijiji kama Paje, Bwejuu na Jambiani. Nchi ya huko ni ya mawe ya matumbawe, yenye udongo haba katika mifuko ya miamba, isiyokubali mkarafuu. Na wenyeji wake, ambao vitabu vya zamani huwaita Wahadimu, walipoona kuwa ardhi nzito ya magharibi imekuwa ya mashamba ya watu wengine, waliishi kwa kile ambacho mawe na bahari huweza kutoa: samaki, chokaa, kuni na kamba. Mwambao huo una fadhila yake, nayo ni ufuo mpana ulio nyuma ya mwamba wa nje, ambao maji ya bahari huufunika na kuufunua mara mbili kila siku, na mchanga wake laini hauchukuliwi na mawimbi. Hapo ndipo penye shamba la makumbi.

Nazi ikishafuliwa kwa kifuo, kumbi lake hupelekwa ufuoni likiwa bado halijakauka sana. Mwanamke huchimba shimo wakati wa maji kupwa, huyapanga makumbi ndani yake kwa wingi, huyafunika kwa mchanga na kuyapigia mawe juu ili bahari isiyaibe, na kila mwenye shimo hulijua lake kama mtu anavyoujua mlango wa nyumba yake. Kisha huyaacha. Kwa miezi mingi, pengine karibu mwaka, maji ya chumvi huingia na kutoka, na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho hula ile gundi iliyozishika nyuzi, vikaacha nyuzi zenyewe, kwa sababu nyuzi ni ngumu kuliko meno yao. Siku ya kufukua harufu yake humfikia mtu kabla hajafika. Waliozoea hawaitaji; mgeni hugeuza uso. Makumbi hutolewa meusi na laini, huwekwa juu ya gogo au jiwe na kupigwa kwa gongo mpaka nyama yake itoke kama unga wenye maji, huoshwa baharini, hupigwa tena, huoshwa tena, kisha huanikwa. Na kile kinachobaki juani, chepesi, chenye rangi ya dhahabu iliyofifia, ndicho kiitwacho usumba.

Kazi ya maji ni ya pamoja, wanawake wakisimama mstari mmoja ndani ya maji ya magoti huku wakisemezana na kuimba. Kazi ya kupota ni ya nyumbani, barazani au chini ya mti, na hufanywa na wazee kwa vijana. Mpotaji huvuta kishungi cha usumba, huukunja uwe mafungu mawili, na kwa viganja vyake huyasokota yote mawili kwa upande mmoja. Kisha kwa mkupuo ule ule huyaachilia yazungukane kwa upande wa pili. Katika tendo hilo, ambalo mtoto hulidhania mchezo, imo elimu yote ya kamba. Kila uzi umesokotwa nao hutaka kujifungua, lakini ukijaribu kujifungua humkaza mwenziwe, na mwenziwe akijaribu kujifungua humkaza yeye. Hivyo ukaidi wa kila mmoja huwa ndio uthabiti wa wote wawili. Uzi mmoja wa kumbi hauzidi shibri moja na ushei, na kamba ni ya pima mia: urefu wote huo umejengwa kwa vipande vifupi vilivyopishana, na ustadi wa mpotaji ni kuongeza kishungi kipya kabla cha zamani hakijapungua, ili pasiwepo mahali hata pamoja ambapo ncha nyingi zimekutana. Kamba hukatikia pabovu, wahenga wamesema, na pabovu ni pale ambapo mpotaji alighafilika.

Nilipata kukaa, miaka mingi iliyopita, na bibi mmoja wa pwani hiyo ya mashariki aliyekuwa akipota huku akizungumza, pasipo kuitazama mikono yake. Alikuja kijana mkwezi kutoka upande wa mashambani kutaka kamba ya kukwelea, akaelekeza kidole kwenye zongo lililokuwa mlangoni. "Mwanangu, hiyo ni ya mbuzi," bibi akamwambia, "ya mtu imo ndani." Akaingia chumbani akatoka na zongo jingine, ambalo kwa macho yangu halikuwa na tofauti na la kwanza. Kijana aliipokea kwa mikono miwili, akaipitisha yote baina ya vidole vyake polepole, akaifunga kitanzi, akakitia mguu na kukikanyaga kwa nguvu zake zote mara tatu hapo hapo uani, ndipo akalipa. Hapakuwa na maneno mengi. Nilifahamu siku ile kuwa baina ya aliye ufuoni na aliye kileleni ipo amana isiyoandikwa, na kwamba mwanamke yule, ambaye hakupata kukwea mnazi maishani mwake, alikuwa amebeba roho za watu wengi mikononi mwake.

Fedha ya kamba ilikuwa ya mwanamke mwenyewe. Sheria ya dini humpa mke mali yake mbali na ya mumewe, na katika vijiji hivyo vya mawe, ambako mwanamume alikuwa na ngalawa na mwanamke alikuwa na shimo lake la makumbi, haki hiyo haikubaki katika vitabu: ilinunua kanga, ilinunua vyombo, ilioza binti, ilimpeleka mtoto chuoni. Wachuuzi walizichukua kamba kwa mazongo mpaka mjini, na kutoka mjini zilisambaa mashambani na bandarini.

Huko mashambani hali ilikuwa nyingine, na sipendi kuipita kwa haraka kana kwamba haikuwapo. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja na mikarafuu ikaenea, inasimuliwa kwamba wenye ardhi waliamriwa kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Na waliochuma karafuu hizo na kuangua nazi hizo walikuwa, kwa sehemu kubwa, watumwa. Mtumwa hakuchagua mti wake, wala siku yake, wala kamba yake. Tufani iliyoipiga Unguja mwezi wa Aprili mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu kwa wingi usiosemeka, ilhali Pemba ilisalimika, na wenye mashamba wengi wa Unguja walirudia mnazi, mti unaojua kuinama mbele ya upepo. Amri ya mwaka 1897 iliiondoa hali ya utumwa katika sheria za Zanzibar, na ukwezi ukawa kazi ya ujira, ukilipwa kwa idadi ya minazi au kwa sehemu ya nazi zenyewe. Hapo ndipo mkwezi alipopata kuwa fundi mwenye jina na zana yake mwenyewe, na kamba ya miguu, ambayo zamani ilikuwa ya shamba, ikawa yake, akailaza juu ya dari mbali na panya na kuipokeza kwa mwanawe pamoja na panga.

Kwa maana ukwezi si kuangua tu. Mkwezi ndiye tabibu wa mnazi: huyakata makuti yaliyokufa, huyaondoa makarara makavu, huchungulia katika makutano ya makuti machanga kama mdudu chonga ametoboa, na akimkuta humtoa kwa ncha ya waya, kwani mnazi una moyo mmoja na ukiliwa hauna wa pili. Nazi zilizokomaa huangushwa zikajiangukia. Dafu haliwezi kutupwa, litapasuka, na hapo mkwezi huwa fundi wa kamba kwa mara ya pili. Hupitisha kamba ndefu juu ya shina la kuti lililo imara, karibu na mahali linapotokea mtini, ncha moja hulifunga tawi la madafu kabla hajalikata, na ncha ya pili humpa mwenziwe aliye chini. Likishakatwa, tawi hushuka polepole likisuguana na kamba, kama tanga linaloteremshwa, hata likagusa nyasi bila tone kumwagika. Mtu yeyote aliyepata kufanya kazi ya jarari chomboni huitambua kanuni hiyo mara moja. Siku hizi watu wa Ulaya na Marekani wanaokata miti mikubwa ya mijini hutumia kamba zenye pete za chuma ambazo hutundikwa tawini, ili kamba iendayo mbio ipite ndani ya pete na isilichune gome. Nao baadhi yao hujitengenezea vifaa hivyo kwa mikono yao. Nilipoelezwa nilifurahi, kwa kuwa nia ni ile ile ya mkwezi wetu: mtu apande, mzigo ushuke, na mti usijue.

Washindani wa kumbi walikuja mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliuingiza mkonge katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani. Katika miche elfu moja iliyoagizwa kutoka Florida ilibaki hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba ambayo katika miaka ya 1960 yaliifanya Tanganyika kuwa mtoaji mkuu wa katani duniani. Katani ni nyeupe, ni nadhifu, hutoka mashineni kwa tani. Baada yake ikaja nailoni, isiyooza kabisa. Lakini mkwezi hakuwa na haraka ya kuiacha kamba yake, maana nailoni huteleza juu ya shina, hasa shina likiwa na umande, na utelezi katika kazi ile ni mauti. Kilichoiondoa kamba ya kumbi hakikutoka kileleni, kilitoka ufuoni. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika pwani ile ile ya mashariki ya Unguja, na wanawake wale wale, katika maji yale yale ya magoti, walikuta kuwa mwani huvunwa baada ya wiki chache ilhali kumbi hudai miezi na kuvunja mgongo. Wakapima, wakahama. Siwalaumu hata chembe. Nani angengoja mwaka kwa kile kinachoweza kulipwa kwa mwezi? Kamba wanazofungia mwani ni za plastiki, za kununua dukani.

Mashimo ya makumbi bado yapo, machache, na wapo wanawake wanaoyafukua, wengi wao wakiwa na umri mkubwa. Jambo linaloniuma si kwamba kazi imepungua, kwani kazi ngumu ikipata mbadala ni heri kwa mwenye kuifanya, bali ni kwamba maneno yake yanaondoka pasipo kuandikwa: majina ya unene mbalimbali wa kamba, jina la kamba ya mbuzi na la kamba ya mtu, jina la kishungi kinachoongezwa, la mkono unaosokota na la mkono unaopokea. Tunayo maandishi ya bei za karafuu tangu zamani za masultani. Hatuna daftari la wapotaji. Kwa hiyo ninakuomba wewe msomaji uliye na bibi, shangazi au mama mkwe aliyepata kusimama katika maji ya Bwejuu, ya Tumbatu, ya Lamu au ya Kilwa akipiga makumbi kwa gongo, umwendee ungali na nafasi, ukae naye barazani, umwombe akuoneshe kwa mikono yake, na kila jina atakalolitamka uliandike kama alivyolitamka, pamoja na jina lake yeye na jina la kijiji chake.